Meza ya Tatu ya Shemeji Akonaay

Kule Dongobesh wako wanaosema kwamba shemeji yangu Akonaay alimlaani binti wa Yakubu kwa sababu binti huyo alikuta picha chafu kwenye kompyuta yake. Wengine wanasema alimtaka binti kwa ajili ya mwanawe, akakataliwa. Yote mawili ni uongo. Ukweli wenyewe unatosha kututia aibu, na kwa kuwa mume wangu hayupo tena kuusemea ukoo wake, nitausema mimi.

Akonaay Sulle ndiye mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu, Mwalimu Agustino. Nilipoolewa Tumati yeye alikuwa bado anachunga ndama wa mama yake kabla ya kwenda shule. Alimaliza darasa la saba, akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali pale Mbulu, na kwa kuwa hakupoteza bahasha hata moja, wakampeleka masijala kutunza mafaili. Huko ndiko alikozeekea. Bosi akitaka faili la mgogoro wa shamba lililofungwa zamani, Akonaay alikwenda kwenye rafu kama mtu anayeingia jikoni kwake gizani, akarudi nalo. Hakuwa msomi, lakini watu wa ofisini walimwita Mzee wa Rafu, na mume wangu alilipenda jina hilo kuliko Akonaay mwenyewe.

Nyumbani pia alikuwa hivyo. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na misumari mitatu: mmoja wa koti la kanisani, mmoja la kazini, mmoja la shambani. Siku moja mkewe, Marieta, alitundika koti la shambani kwenye msumari wa kanisani. Akonaay hajui kugombana. Alilitazama tu, akatoka nje, na chakula cha mchana hakukila. Marieta alikuja kwangu analia na kucheka. "Dada, ningejua anaoa misumari ningemwachia."

Alipostaafu, mwanangu Alex, anayefanya kazi Dodoma, alimpa baba yake mdogo laptopu yake ya zamani. Ukoo ulikuwa umemchagua Akonaay akusanye majina ya wazee wetu, tangu walipotoka Mama Isara, chimbuko letu, hadi kufika Tumati, nani alimzaa nani na nani alizikwa wapi. Kazi hiyo alizunguka nayo kwa miguu, kijiji kwa kijiji, akikaa na vikongwe ambao wengine tumeshawazika. Kisha akaanza kuiingiza kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja.

Kilichomtesa ni ule mrundikano. Macho yake ni mabovu, kwa hiyo kila alichofungua alikikuza hadi kijaze skrini nzima, na kikishajaza, vingine vyote hakuviona. Matangazo ya kigango, maana yeye ni katibu wa kigango chetu, yalilala juu ya filamu ya kulisha ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wakalala juu ya wazee wa ukoo. Kwa mtu wa masijala hiyo ni adhabu.

Aliyemwokoa ni Zulfa. Zulfa ni binti wa Mzee Yakubu, mwenye duka la vitambaa pale Dongobesh, na kando ya duka la baba yake ana steshenari: anachapa, anatoa nakala, anawajazia wanafunzi maombi ya vyuo. Akonaay alikuwa akimpelekea matangazo ya kigango ayachape.

"Babu," Zulfa alimwambia siku moja, "kwani ofisini kwenu mlikuwa mnakaa wote kwenye meza moja?"

"Haiwezekani. Kila mtu na meza yake."

"Basi na humu zipo meza nyingi. Ni vile hujazifungua."

Akabonyeza vitufe pamoja, na skrini yote ikateleza kando kama pazia, ikaja nyingine tupu, safi, haina kitu. Akabonyeza tena, ile ya kwanza ikarudi na kila kilichokuwa juu yake. Akonaay alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaomba aoneshwe tena.

Kuanzia hapo hakuna aliyepumzika. Alikuja kwangu kunionesha, akaenda kwa katekista kumwonesha. Meza ya kwanza ilikuwa ya kigango. Ya pili, shamba na mifugo, na hapo ng'ombe wa maziwa alikuwa amejaza skrini nzima saa zote, amesimamishwa katikati ya kutafuna. Ya tatu, ukoo. Ya nne hakutaka tuione, lakini Marieta aliniambia ni kwaya tu, anasikiliza akidhani watu wamelala. Laptopu hakuizima kamwe, aliikunja tu. Aliamini ukizima, meza zote zinapinduka. Nilipomuuliza kazi ya ukoo ameihifadhi kwenye faili gani, alinijibu, "Iko meza ya tatu, shemeji," kama mtu anayejibu kwamba mbuzi yuko zizini. Mimi nimefundisha sekondari na kompyuta naijua kidogo, nikaona jibu hilo lina kasoro. Lakini alikuwa na furaha, nikaliacha.

Siku ya mnada alikwenda Dongobesh pamoja na Mzee Severine, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Mimi sikuwepo, nayasimulia kama Mzee Severine alivyonisimulia, na yeye haongezi. Zulfa aliichukua laptopu, akachapa matangazo ya kigango, akairudisha juu ya kaunta. Steshenari ilikuwa imejaa watu. Akonaay akaona hapo ndipo pa kumwonesha mkubwa wake kazi ya ukoo. Akazipanga meza zote kwa mstari juu ya skrini, kila moja ikawa kama picha ndogo.

"Tazama, kaka. Hii kigango, hii ng'ombe. Na hii hapa ndiyo sisi."

Akagonga ile ya tatu. Ya tatu ikatoweka. Zikabaki tatu, na katika hizo ukoo haumo.

Mzee Severine ni mtu wa utani. Akainama, akatazama kwa makini, akasema, "Sasa wazee wako wapi? Wameshuka mnadani?"

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri nakala za kitambulisho akadakia, "Waacheni, wamekwenda kuchagua dume!"

Wakacheka tena. Akonaay hakucheka. Alibonyeza huku, akabonyeza huku, kila alipokwenda akakutana na kigango, ng'ombe, na kwaya ambayo hakutaka ionekane. Akainua uso.

"Zulfa. Umefanya nini humu?"

"Sijafanya kitu, babu. Nimechapa yale matangazo tu. Hebu lete niangalie."

"Usiguse! Umeshagusa vya kutosha."

"Babu, hazipotei hivyo. Nipe dakika moja."

"Nimesema usiguse!"

Akaikunja laptopu, akaibana kwapani, akatoka nje hadi pale barabarani penye watu wengi. Hapo akavua kofia.

Kwetu Wairaqw, mtu aliyedhulumiwa na asiyemjua aliyemtenda anaweza kumshtaki mbele ya jua. Jambo hilo halifanywi ovyo. Wengine wanazeeka bila kulifanya, na mume wangu hakulifanya hata alipoibiwa ng'ombe wawili wa maziwa. Sisi ni Wakristo, tunasali, tunafunga ndoa kanisani. Lakini sijamwona Mkristo wa Tumati anayesikia maneno yale yakitamkwa akaendelea kutafuna.

Akonaay aliyatamka. Alisema aliyewaondoa wazee wake mezani pao, jua limwone, na asiujue mlango wa kwake. Alisema kwa Kiiraqw, na hapo hakutaja mtu. Kisha akarudia kwa Kiswahili, ameugeukia mlango wa Zulfa. Hicho ndicho kinachoniinamisha kichwa hadi leo. Kiswahili kile hakikuwa cha jua. Kilikuwa cha yule msichana, ili aelewe.

Watu wakasogea nyuma. Yule mama wa nakala za kitambulisho aliziacha juu ya kaunta, akaondoka.

Siku zilizofuata, habari zilitufikia Tumati vipande vipande. Wanafunzi walikuwa wanapeleka kazi zao kwenye steshenari nyingine, ile ya karibu na stendi. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, msomi kama mimi, aliniambia kwenye simu, "Mimi siamini mambo hayo, lakini wazazi ndio wanaolalamika." Nilimjibu kwamba asiyeamini hahami duka. Nilijibu kwa ukali, kisha nikakaa nikatazama ukuta, maana ukali ule sikuwa na haki nao. Aliyeanzisha ni wa kwetu.

Akonaay mwenyewe aliacha kuja. Alipokuja, alikuja mchana, laptopu ameifunga kwenye kitenge cha Marieta kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Keti. Nioneshe ulivyofanya siku ile."

"Nilifanya hivi tu." Akaifungua juu ya meza yangu ya chakula. Akazipanga zile picha ndogo. Sasa ya tatu katika mstari ilikuwa kwaya, na ili nione vizuri aliifungua kwanza, waimbaji wakaanza kuimba. Akarudi kwenye mstari. "Halafu nikasogeza mshale hapa, nikagonga kumwonesha kaka. Hivi."

Kwaya ikatoweka.

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Lakini ndani ya laptopu, sauti ya nne na ya kwanza ziliendelea kupokezana kama kawaida, na kinanda chao nyuma.

"Shemeji," nikamwambia, "kama imefutwa, nani anaimba?"

Nikaivuta laptopu kwangu. Nikazipanga tena zile picha, nikasogeza mshale bila kugonga, nikaona kwenye kona ya kila picha inajitokeza alama ndogo ya kufungia. Macho yake hayakuiona. Alikuwa akidhani anaifungua meza, kumbe anaiondoa. Na meza ikiondolewa, vilivyokuwa juu yake havifi. Vinahamia meza ya jirani. Jirani alikuwa shamba. Nikaenda shamba, nikamkuta ng'ombe wa maziwa amejaa skrini nzima, hakuna nafasi hata ya sindano. Nikabonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto, ng'ombe akanywea akawa dirisha dogo. Nyuma yake walikuwa waimbaji. Nikawasogeza. Nyuma yao walikuwa wazee wetu wote, kuanzia Mama Isara, pale pale alipowaachia.

Akonaay aliyasoma majina matatu ya kwanza kwa sauti. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine, ndipo akanyoosha mkono kuizima.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Niliyemshtaki mbele ya jua ni mimi."

Alikuwa amepauka. Nilitaka kumwambia kwamba sisi ni Wakristo, nikaishia kuikunja laptopu.

Baadaye akasema, "Shemeji, hakuna haja watu wajue. Tuseme tu imeonekana."

Imeonekana. Nililipima neno hilo, nikaona linatufaa. Nikapanga kumwita Mzee Yakubu na binti yake nyumbani kwangu, nifunge mlango, niwape chai na chapati, tuombe radhi kwa heshima, yaishe humo humo ndani. Jina la Sulle lingetoka salama.

Lakini kesho yake asubuhi Yakubu alikuja mwenyewe, kabla hatujamwita. Alikuwa amevaa kanzu na koti la baridi juu yake. Hakukaa mpaka nilipomwambia mara ya tatu.

"Mwalimu, sikuja kugombana. Zulfa yuko Haydom hospitali, tangu juzi. Ni malaria, amepimwa, anaendelea vizuri. Nakueleza mapema usije ukaambiwa mengine."

"Pole sana, Mzee Yakubu."

"Nimeshapoa. Kilichonileta ni basi. Nilimpandisha basi mwenyewe, ana homa, anatetemeka. Alipokaa, watu wa kiti chake wakahama. Wa kiti cha nyuma wakahama. Mmoja akasema imeanza." Akafunga kifungo cha koti. "Mimi ni Mwislamu, dua zetu zinanitosha. Lakini mtoto wangu ataishi na watu hawa baada yangu. Wakimwogopa, mimi nimfiche wapi?"

Nikamwambia kila kitu. Sikuweza kufanya vinginevyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile alichokalia Akonaay. Nikamwambia pia kwamba tutalimaliza hapa nyumbani, kwa heshima.

"Hapa ndani?"

"Ndiyo. Wakubwa tu."

"Mwalimu, kwani alisemewa ndani?"

Nikamkaribisha chai. Akasema chai atainywa shughuli ikiisha, akaaga kwa adabu, akaondoka. Ile adabu yake ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nikampeleka Akonaay kwa Mzee Severine siku hiyo hiyo. Tulikuta wazee wawili zaidi wa ukoo. Nilidhani watamwambia arudi pale pale, ayarudishe maneno yake, basi. Mzee Severine hakuwa na utani siku hiyo.

"Aliyemshtaki mtu bure, anaweza kuyarudisha maneno yake mwenyewe," alisema. "Hilo tunalijua. Lakini wewe mshtaki ni wewe na mkosaji ni wewe. Utajinawisha vipi? Atakunawisha uliyemdhulumu."

"Binti wa Yakubu?" Akonaay akauliza. "Kaka, yule ni mtoto. Tena si wa kwetu."

"Ulipomsema mbele ya mnada hukuuliza ni wa nani. Aje akunawishe kwa mkono wake na kwa kinywa chake. Akikataa, utabaki na laana yako."

Marieta alianza kulia kimya kimya. Mimi nilitazama chini. Ukoo mzima sasa ulikuwa unaning'inia kwenye huruma ya msichana ambaye hata kiti cha basi alinyimwa kwa ajili yetu.

Nilikwenda Dongobesh kumwomba. Zulfa alikuwa ametoka hospitali, amekonda, amekaa kwenye steshenari tupu. Alinipa shikamoo yake vizuri. Nilipomaliza kueleza, aliuliza swali moja tu: "Atasema kwamba ni yeye, au atasema imeonekana?"

Neno lile lile. Sikujua limemfikiaje, au kama watu wote wenye hatia hulifikia wenyewe. "Atasema ni yeye," nikajibu.

"Basi nitakuja."

Siku ya mnada uliofuata tulisimama pale pale barabarani, jua limepanda. Walikuja wengi kuliko wale wa siku ya kwanza. Jambo la namna hii halihitaji tangazo. Mzee Severine alianza sala ya wazee, ile ndefu tunayoiita slufay, na Wairaqw waliokuwepo wakaiitikia, hata waliokuwa na kamba za ng'ombe mkononi. Kisha Akonaay akavua kofia. Alisema kwa Kiiraqw, kisha kwa Kiswahili, ameugeukia mlango wa Zulfa.

"Yale niliyoyasema hapa, aliyefanya ni mimi. Niliiondoa mwenyewe kwa mkono wangu. Binti huyu hakugusa kitu."

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akasema, si kwa sauti ndogo, "Kumbe mzee kajilaani mwenyewe!" Wenzake wakaangua kicheko. Hakuna mzee aliyewakemea. Nami, niliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa jicho, nilishindwa kuwageukia.

Zulfa akaja na birika la maji. Akasimama mbele ya Akonaay, akamtazama Mzee Severine.

"Niseme nini? Kiiraqw sikijui."

"Sema kilichomo moyoni, mjukuu. Jua linajua Kiswahili."

Akamwagia maji kidogo kidogo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. "Babu, ulinisema mbele ya watu, nami nakusamehe mbele ya watu. Mungu akuondolee. Na mimi anirudishie wateja wangu."

Wazee wakaitikia. Yule mama wa kitambulisho, ambaye sikujua kwamba yupo, alipita katikati ya watu, akaingia steshenari wa kwanza, akauliza kama nakala zake bado zipo. Yakubu alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake. Aliinamisha kichwa kwangu kidogo, nami nikainamisha changu zaidi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Akonaay, mikono bado inadondosha maji, alijiona amekuwa mwepesi ghafla. Alichukua laptopu kwa Marieta, akamfuata Zulfa hadi kwenye kaunta.

"Sasa binti, nichapie ile kazi ya ukoo basi. Mkutano wa ukoo umekaribia."

Zulfa aliweka birika chini.

"Hapana, babu."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kompyuta yako siigusi tena. Iko steshenari nyingine kule stendi, wanachapa vizuri."

Alisema bila hasira, akageuka kumhudumia yule mama. Akonaay akatoka. Kutoka hapo hadi stendi ni lazima kupita mnada wote. Marieta alisema miguu inamuuma. Mzee Severine alikuwa amezungukwa na watu wa ukoo. Nikaenda naye mimi.

Watu walitupisha njia. Baadhi walinisalimia, wakimruka yeye. Vijana wa bodaboda walinyamaza tulipokaribia, wakaanza tena tulipopita. Yeye alitembea ameibana laptopu kifuani, nami nilitembea sambamba naye, sikutangulia na sikubaki nyuma, ijapokuwa miguu yangu ilitaka yote mawili.

Kwenye steshenari ya stendi kijana wa pale alichukua kazi, akaanza kuichapa. Alikuwa anajua sisi ni nani. Mnada mzima ulijua. Lakini alichukua kalamu kama kawaida ya kazi yake, akauliza, "Niandike kazi ya nani?"

Akonaay alitazama sakafu. Nyuma yetu, mlangoni, watu walikuwa wamesimama kusikiliza.

"Andika Sulle," nikasema, kwa sauti ya darasani. "Akonaay Sulle wa Tumati. Ni shemeji yangu."